Somo la Breki

Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo
Jumatatu, 12 Mei 2025

Dada Severa,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua Sista Mlezi wa Manovisi huzisoma barua zenu kabla hazijawafikia, kwa hiyo nianze na yeye: Shikamoo Sista Blandina. Ukifika aya ya tatu naomba unihurumie.

Dada, kazi ya ukarani kwa Mzee Hasmukh inakwenda vizuri mno, na hilo ndilo linaloniogopesha. Duka ni la jumla, baiskeli na vipuri. Naandika lebo za maboksi, napokea mizigo, napanga mafaili. Wapakuzi wanasema mwandiko wangu unasomeka hata taa zikikatika. Lakini bado niko kwenye majaribio ya miezi mitatu, nayo yanaisha Jumatatu ya tarehe 2 Juni. Siku hiyo ama napewa mkataba, ama narudi Kibosho kukata majani ya ng'ombe huku baba akisema alijua tangu mwanzo.

Sasa aya ya tatu. Nilipoomba kazi hii palikuwa na sehemu ya kueleza mambo ninayopenda. Sikujua niandike nini, nikatafuta mfano mtandaoni. Nilioupata ulikuwa wa bwana mmoja wa Ulaya. Kwa kuwa duka ni la baiskeli, niliona ni bahati, nikautafsiri kwa uangalifu: "Napenda matembezi ya baiskeli ya taratibu katika njia za mashambani, mwishoni mwa majira ya machipuko." Nilidhani ni maneno ya kujazia karatasi tu. Wewe unajua kwamba sijawahi kukalia baiskeli. Kwetu nani anaikalia? Ile ya babu Marcelino ilikuwa ya kushukia mlima tu. Kupanda aliibeba begani huku akiitukana.

Siku ya usaili Mzee Hasmukh aliniuliza, "Haya majira ya machipuko ndiyo lini?" Nikamjibu, "Baada ya masika, mzee." Alicheka mpaka akavua miwani. Leo ndiyo nimejua alichekea nini. Amekuja mezani kwangu.

"Karani, Jumapili tarehe moja Juni, masika imekwisha. Tunaenda Kigamboni na baiskeli. Taratibu, njia za shamba, kama ulivyoandika."

"Sisi akina nani, bosi?"

"Mimi, Zulekha wa stoo, na wewe. Mke wangu, Mama Jasumati, atafuata nyuma na kirikuu, kile kigari cha mizigo, amebeba chai na kachori. Mimi natangulia. Mzee hapitwi, huo ni utaratibu tangu wakati wa baba yangu."

Kesho yake, Dada, ndiyo siku ya mkataba. Nikimwambia kweli atajua nilidanganya kwenye barua ya kazi. Nisipomwambia ataona kwa macho yake. Nimefikiria kuvunjika mguu, lakini naona nikienda utavunjika wenyewe, kwa hiyo sina haraka.

Nishauri. Nipe jibu kwa basi la asubuhi, bahasha niandikie namba yangu ya simu kwa nje.

Mdogo wako,
Tarsis

*

Nyumba ya Malezi, Kibosho
Alhamisi, 15 Mei 2025

Mdogo wangu Tarsis,

Milele, amina. Barua yako ilifika jana. Tulikuwa tunachambua maharage, mara tukasikia kishindo ofisini kwa Sista Mlezi, tukadhani kabati limeanguka. Kumbe alikuwa amefika aya ya tatu.

Shauri langu ni moja na sina la akiba. Mwambie bosi wako leo. Ukimwambia kesho litakuwa kubwa zaidi, na keshokutwa litakuwa limezaa. Tangu utoto wako ukivunja kikombe unakificha, kisha unakaa karibu nacho umenuna mpaka mama anakiona. Hukuwahi kupigwa kwa sababu ya kikombe, ulipigwa kwa sababu ya kukificha. Kumbuka hilo.

Nakuombea kila masifu ya jioni. Sista Mlezi ameniambia nimwachie nafasi hapa chini.

Dada yako,
Severa

Tarsis, marahaba. Dada yako amesema vema. Lakini kwa kuwa wewe ni mwoga, na mwoga hukimbilia kesho, bora ujifunze baiskeli wakati unajipa moyo. Nimetembelea wagonjwa kwa baiskeli miaka kumi na tisa kabla ya kupewa kazi hii. Nitakufundisha kama ninavyowafundisha manovisi: somo moja kwa wakati, na haliruki mtu. SOMO LA KWANZA: Tafuta uwanja wenye mteremko mdogo. Shusha kiti mpaka nyayo zote ziguse chini. Usikanyage pedali. Jisukume kwa miguu, kisha iinue, na uachie. Rudia mpaka uache kupiga kelele. Sista Blandina.

*

Kariakoo
Jumatatu, 19 Mei 2025

Sista Blandina na Dada Severa,

Tumsifu Yesu Kristo. Nimefanya somo la kwanza. Ilibidi nimwambie Zulekha, kwa sababu sina baiskeli na yeye anatunza ya mumewe. Aliposikia alikaa juu ya tairi. Akacheka, akanyamaza, akanitazama, akaanza upya.

"Karani mzima! Unajua namba za spoku kwa kichwa, halafu hujui kukaa?"

"Zulekha, nakuomba taratibu, bosi yupo ndani."

"Taratibu kwenye njia za mashambani," akasema, na machozi yakamtoka.

Lakini ni mtu mwema. Jumamosi alfajiri tulikuwa Jangwani, kwenye uwanja ulioachwa na mafuriko ya mwezi uliopita. Matope yamekauka juu tu, chini bado uji. Zulekha alishika kiti kwa nyuma, khanga kaifunga kiunoni, akipiga kelele kuliko mimi. "Jilegeze! Umekaa kama umekalia sindano! Usiitazame tairi, haitoroki!" Mara ya tisa nilikwenda hatua zipatazo arobaini peke yangu. Sista, nilihisi kitu ambacho sijawahi kukihisi nikiwa mezani. Kisha nikaanguka.

Nauliza swali kwa heshima. Mpaka sasa nasimama kwa kuanguka. Breki nazijua kwa majina yote na kwa namba za maboksi, lakini sijazigusa kwa kuwa hujanifikisha huko. Je, naweza kuanza?

Dada, kuhusu shauri lako. Nilikwenda ofisini kwa bosi mara mbili nikiwa na nia kamili ya kusema. Mara ya kwanza aliinua macho, nikaomba pini. Mara ya pili nikamrudishia pini.

Tarsis

*

Nyumba ya Malezi, Kibosho
Alhamisi, 22 Mei 2025

Tarsis,

Breki ni somo la tatu. Hujafika. Mtu akijua kusimama kabla ya kujua kwenda, haendi.

SOMO LA PILI: Inua kiti kidogo, kanyaga pedali. Tazama mbali, unakotaka kufika. Macho yakikazia shimo, baiskeli itaingia shimoni, na mwili wako utaifuata. Ukiona inayumba, ongeza mwendo kidogo. Baiskeli huanguka kwa uvivu.

Na pini uiache.

Sista Blandina

*

Nyumba ya Malezi, Kibosho
Alhamisi, 22 Mei 2025

Kwa Mzee Hasmukh, mwenye duka la baiskeli, Mtaa wa Narung'ombe
(kwa mkono wa Sista anayekuja Dar kutibiwa macho)

Mzee wangu, salamu za heshima.

Hunijui. Mimi ni mtawa, mlezi wa wasichana kumi na wanne, mmoja wao ni dada wa karani wako Tarsis. Sikuandikii ili kukupa siri ya mtu yeyote. Siri za watu nazifunga vizuri.

Nauliza jambo la jumla tu, kama mtu anayetaka kujua biashara. Je, karani anayekaa mezani, anayeandika vizuri, asiyechelewa, ni lazima ajue kuendesha baiskeli? Na ikiwa ingetokea, mahali fulani, karani wa namna hiyo asijue, mwenye duka angemchukuliaje?

Nasisitiza kwamba ni swali la jumla.

Wako katika Kristo,
Sista Blandina

*

Kariakoo
Jumatatu, 26 Mei 2025

Sista Blandina,

Namaste na shikamoo, sijui nani kati yetu ni mkubwa, mimi nina sabini na mbili.

Swali lako la jumla nalijibu kwa jumla. Nilijua tangu siku ya kwanza. Nilimwambia alete baiskeli moja kutoka stoo hadi mlangoni. Mtu anayejua baiskeli huishika kiti kwa mkono mmoja, anatembea nayo, anaongea na watu. Huyu aliishika usukani kwa mikono miwili, akajiweka mbali nayo, kama anampeleka beberu mnadani na beberu keshaelewa. Mke wangu Jasumati alikuwa pembeni, akaniambia kwa Kigujarati, "Huyo mtoto wako hajawahi kupanda." Nikamwambia, "Nyamaza, tumwone."

Sista, karani wangu aliyetangulia alikuwa hodari. Mwaka jana mvua iliingia stoo, maji yakalowesha maboksi ya minyororo. Aliona, akaogopa kuniambia. Akafunika kwa turubai. Wiki mbili, Sista. Tulipofunua, yote kutu. Angesema siku ileile tungepangusa kwa mafuta, hasara ingekuwa ndogo. Mimi mwizi simwogopi sana, nina kufuli. Namwogopa anayeogopa.

Kwa hiyo Tarsis simfukuzi kwa kutojua baiskeli. Nitamfukuza akiendelea "kujua". Mpaka Jumatatu tarehe mbili asubuhi aniambie mwenyewe, kwa mdomo wake, bila kusukumwa. Ameshakuja ofisini mara mbili. Nilidhani siku imefika. Akachukua pini.

Naomba usimwambie. Ukimwambia, nitakuwa nimekuajiri wewe.

Kwa heshima,
Hasmukh

*

Nyumba ya Malezi, Kibosho
Jumatano, 28 Mei 2025

Tarsis,

Kuna jambo nimeombwa nisikuambie, na sitakuambia. Nimeshinda nalo tangu jana kama mfupa kooni. Dada yako ananitazama usoni mezani, anaona nina kitu, nami natazama supu.

SOMO LA TATU lina sehemu mbili. Ya kwanza: rudia kusoma shauri la dada yako la tarehe 15. Soma polepole. Soma tena. Ukimaliza, nenda ofisini, na ukikuta mkono unaenda kwenye pini, ukate.

Sehemu ya pili, breki. Vidole viwili kila mkono, usikamate kama unakamua ng'ombe. Anza na ya nyuma, kisha ongeza ya mbele kidogo kidogo. Ya mbele ukiibana ghafla, baiskeli itasimama na wewe utaendelea na safari. Jizoeze mara thelathini kabla ya Jumapili.

Jumapili usikose misa ya kwanza.

Sista Blandina

*

Kariakoo
Jumanne, 3 Juni 2025

Sista Blandina na Dada Severa,

Tumsifu Yesu Kristo. Barua ya tarehe 28 imenifikia leo saa nne asubuhi. Bahasha ilishushwa pamoja na magunia ya vitunguu ikapelekwa Mbagala, ikakaa huko siku tano. Inanuka mpaka Zulekha ameniuliza kama nimebadili biashara. Kwa hiyo Jumapili niliondoka nikiwa na masomo mawili tu. Nawaeleza yote kwa utaratibu.

Misa ya kwanza nilisali, sana. Saa mbili baiskeli zilipakiwa kwenye kirikuu mpaka Magogoni, tukavuka kwa kivuko. Mzee Hasmukh alivaa suruali nyeupe, amebana miguu yake kwa vibanio vya nguo. Ng'ambo tukapanda. Mimi nilipanda kwa kuegemea ukuta wa kibanda cha vocha, nikijifanya nafunga kamba ya kiatu. Zulekha akasema kwa sauti ndogo, "Bismillah, karani."

Dada, nisikudanganye, ilikuwa nzuri. Tulipoiacha lami na kushika njia ya mchanga, nyasi zilikuwa zimepanda kufikia magoti pande zote, mihogo imenawiri, madimbwi yamebaki kwenye nyayo za ng'ombe. Hewa ilinuka majani mabichi na moshi wa korosho. Nilitazama mbali kama ulivyofundisha, Sista. Kwa muda wa robo saa hivi nilikuwa kweli mtu wa ile barua niliyoitafsiri.

Taabu ilikuja na neno "taratibu". Mzee Hasmukh huenda kama mtu anayesindikiza maiti ya rafiki. Akiona ua anapunguza mwendo. Akiona mtu anapunguza amsalimie, amuulize mvua. Nami nimegundua kwamba baiskeli ikienda polepole inataka kulala. Ya kwangu ilianza kuyumba. Nikakumbuka, "ongeza mwendo kidogo". Nikaongeza kidogo. Hapo ndipo nilipompita bosi.

Nilijua ni kosa kubwa. Sikujua la kufanya, nikamwambia nikiwa ubavuni kwake, "Shikamoo, bosi."

"Marahaba," akajibu, maana alishtuka.

Nyuma nikamsikia Zulekha: "Karani! Mzee hapitwi! Karani we!" Sikuweza kurudi. Mbele njia ikaanza kuteremka. Sikuwa nimefika somo la breki. Nilipita kuku. Nilipita bibi mmoja aliyeanika makopa ya muhogo kwenye mkeka, nikakwepa mkeka, namshukuru Mungu. Mwisho wa mteremko palikuwa na uga, na katika uga rundo la makuti mapya ya kuezekea. Nikayachagua.

Mwenye nyumba anaitwa Bi Amira. Alikuwa anasuka kuti jingine. Hakuinuka. Alinitazama nikitokea upande wa pili wa rundo, akasema, "Baba, ungebisha hodi."

Kidevu kilikuwa kinatoka damu, suruali imepasuka gotini. Lakini kibaya zaidi ni kwamba Mzee Hasmukh hakubadili mwendo. Nilimwona juu ya mteremko, suruali nyeupe, anakuja vilevile, taratibu. Alichukua muda mrefu sana kufika. Bi Amira aliniletea maji ya kuosha kidevu, nikaosha, na bado hajafika. Katika muda ule nilipata uongo mzuri wa aina tatu. Wa kwanza, breki zimekatika. Huo ungeaminika, Dada, kwa sababu mkono mmoja wa breki ulikuwa umevunjika kwenye makuti. Lakini baiskeli ile ni ya dukani, na niliikagua mwenyewe kabla haijatoka stoo. Ningesema breki zilikatika, angeagiza boksi lote la breki lirudishwe bure, na aliyelifunga angelaumiwa. Nikawaza hivyo, na wakati nikiwaza, bosi akafika, akashuka, akaiegemeza baiskeli yake kwenye mnazi.

Nikasema, "Bosi, sijui baiskeli."

"Nimeona."

"Sikujua hata nilipoandika. Yale maneno niliyatafsiri ya Mzungu mmoja, simjui."

Akavua miwani, akaipangusa kwa shati. Zulekha alikuwa amefika, ameziba mdomo kwa khanga, sijui kwa huruma au kwa kicheko. Mama Jasumati alikuwa anashuka kwenye kirikuu.

"Kuna lingine?" bosi akauliza.

Dada, hapo ndipo palipokuwa pagumu. La baiskeli alishaliona. Hili lingine alikuwa halijui, na kama ningenyamaza asingelijua mpaka wateja wapige simu.

"Lipo, bosi. Alhamisi nilibandika lebo za valvu kwenye maboksi matatu ya spoku. Niligundua jioni, mzigo umeshaondoka kwenda Morogoro. Nilitaka kukuambia Ijumaa."

"Kwa nini hukusema Ijumaa?"

"Niliogopa."

"Sasa huogopi?"

"Sasa naogopa zaidi, bosi."

Akavaa miwani. Akamtazama mkewe, wakasemezana Kigujarati maneno mawili matatu. Halafu akasema, "Kesho njoo na picha mbili za pasipoti." Alimlipa Bi Amira makuti yake, akanywa chai, akapanda baiskeli.

Mimi nilirudi kwa kirikuu. Mama Jasumati alinipa kachori mbili, akasema aliyeumia hupewa mara mbili, akanifunga plasta. Nilikuwa nawaza zile picha. Mmewahi kuona yale matangazo gazetini, picha ya mtu na chini yake maneno: "Aliye pichani si mfanyakazi wetu tena, yeyote atakayefanya naye shughuli atawajibika mwenyewe"? Niliona sura yangu pale, na mama akilitumia gazeti hilo kufungia ndizi. Kwenye kivuko nikamwambia Zulekha.

Akanitazama kama siku ile ya tairi. "Karani, na shule yote hiyo! Tangazo la gazeti ni picha moja. Mbili ni moja ya faili, moja ya kitambulisho. Wa kufukuzwa haombwi mbili."

Sikumwamini mpaka jana. Saa mbili asubuhi nilipiga picha pale Msimbazi. Mpiga picha alitaka nitoe plasta, nikakataa, kidevu kingeanza upya. Nikazipeleka ofisini. Bosi alikuwa kwenye simu na Morogoro, anawaambia maboksi yapi wayafungue. Alipokata simu akaitazama picha, akanitazama mimi, akaitazama tena.

"Hii ndiyo sura yako?"

"Kwa sasa, bosi."

Akaibana kwenye faili. Mkataba ulikuwa chini ya mkono wake. Miaka miwili. Akaniambia niusome wote kabla ya kusaini, nikausoma, na sikuelewa hata mstari mmoja kwa sababu ya furaha, nikausoma tena. Kisha akanionyesha barua yako, Sista. Swali lako la jumla limenichekesha mpaka plasta ikabanduka. Jioni hii naanza sehemu ya pili ya somo la tatu, vidole viwili kila mkono.

Picha zilitoka nne, kwa hiyo nimebakiwa na mbili, na zote nimezitia humu. Moja yako, Dada. Nyingine mpe mama akija Jumapili ya wageni. Akiuliza kuhusu kidevu, mwambie niliteleza bafuni.

Hapana. Mwambie nilianguka na baiskeli, na kwamba aliyekuwa anaendesha ni mimi.

Mdogo wako,
Tarsis